Majirani wananiita daktari, na mimi ni fundi cherehani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni ushonaji. Ninalokuandikia, ukilisimulia haraka, halionekani kuwa tatizo. Ninajitolea kwenye kliniki ya wanyama ya mtaani kwetu. Ukisikia kliniki usifikirie jengo. Ni turubai, meza mbili na daktari mmoja wa mifugo anayekuja baadhi ya Jumamosi, na sisi wachache tunaomsaidia bila malipo. Watu huleta mbwa, paka, mbuzi, punda, kuku wa kuchanjwa, kila mtu na anachofuga. Wengi wao hawana uwezo wa kwenda kwa daktari wa kulipia.

Nilianza kwa kuandikisha: jina la mwenye mnyama, anakoishi, mnyama gani, amewahi kuchanjwa au la. Baadaye nikawa nashika wanyama wakati wa sindano, kisha nikapewa kukaa na wale waliotoka kuhasiwa mpaka wazinduke. Kazi hiyo niliipenda, Shangazi, sina la kukuficha. Unamlaza mbwa kwa ubavu juu ya blanketi, unamtoa ulimi pembeni ya mdomo, unaangalia mbavu zikipanda na kushuka, unainua mdomo kidogo uone kama ufizi una damu yake au umepauka. Kwanza sikio linacheza. Halafu ulimi unarudi ndani wenyewe. Halafu anainua kichwa kama mlevi, anakukodolea macho na hakujui wewe ni nani. Nimekaa hapo tangu asubuhi hadi jioni na njaa isinikumbuke.

Sasa mambo yamebadilika. Daktari wetu ni mtu mwema ila amechoka, na foleni haipungui. Polepole amekuwa akinisogezea kazi. Chanjo nachoma mimi, yeye akiwa pembeni. Kliniki iliyopita alikuwa amefanya upasuaji tangu alfajiri, mgongo unamuuma, akaniita mezani akaniambia, "Wewe si fundi? Kushona ni kushona. Nifungie hapa juu, ni ngozi tu." Nikaipokea ile sindano iliyopinda, mkono ukaanza kutetemeka. Akacheka, akamaliza mwenyewe, akasema mara ijayo atanifundisha vizuri kwa sababu mikono yangu ni ya kazi. Wenzangu wakanipongeza. Mimi nilirudi nyumbani sijui kama nimepewa heshima au mzigo.

Tena ameniachia mkoba. Ndani mna dawa za minyoo, chupa za antibayotiki, mabomba ya sindano na bendeji. Uwe kwangu kwa dharura, akasema, likitokea jambo nimpigie simu atanielekeza kipimo. Mpaka leo nimetumia bendeji na dawa za minyoo tu, lakini habari za mkoba zimeenea. Mtaani sasa naitwa daktari. Nikikataa jina hilo wanadhani ni unyenyekevu.

Miezi michache nyuma, usiku wa manane, mzee mmoja jirani yetu alinigongea mlango. Mbwa wake alikuwa anazaa, mtoto amekwama, anasukuma tangu magharibi. Nikampigia daktari, simu imezimwa. Nikapiga tena na tena. Mzee akaniomba nimchome hata sindano moja kutoka kwenye ule mkoba. Nikamwambia siwezi, sijui nichome nini. Nilikaa naye uani, yule mbwa kichwa chake juu ya mguu wangu, mpaka akakata roho kabla hakujapambazuka. Tangu siku hiyo mzee nikimwamkia anaitikia akiangalia kwingine. Ninajiuliza: kama ningekuwa nimekubali kujifunza mapema, si angepona?

Mume wangu naye amechoka. Anasema nyumba imekuwa zahanati, na kwamba nawajali wanyama kuliko watu wa nyumbani. Yeye hapendi wanyama tangu zamani, kwa hiyo simshangai. Hivi karibuni amepata hoja nyingine, maana bintiyetu wa miaka 8, ambaye hunisaidia kubeba vitoto vya paka, ametokwa na mabaka ya duara kichwani na nywele zinakatika hapo. Na mimi mwenyewe kwenye kliniki iliyopita mtoto wa mbwa aliniuma kidole gumba, damu kidogo tu, nikanawa, mwenzangu akaniambia watoto wa mbwa hawana neno. Kwa mume wangu hayo yote ni ushahidi.

Nifanyeje, Shangazi? Nikubali kufundishwa kushona vidonda vya wanyama ili niwe msaada wa kweli? Nirudi kwenye daftari, kazi ambayo mtu yeyote anayejua kuandika anaiweza? Niache kabisa? Au nitafute mafunzo, kwa umri huu na watoto hawa? Kila njia nikiitazama naona kuna mtu nitamwangusha, na kuna mnyama atakayekufa.

Mimi,
Fundi asiye daktari

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya daktari, mume na mzee wa jirani, kuna hicho kidole gumba ulichokitaja kwa nusu sentensi. Hapo sina maoni ya kukupa, nina ombi: nenda hospitali leo, wala usisubiri barua hii uimalize. Waambie umeumwa na mtoto wa mbwa asiyejulikana kama amechanjwa, damu ikatoka, na siku ngapi zimepita. Mwenzako alikutuliza kwa nia njema, lakini mtoto wa mbwa anaweza kuwa na kichaa cha mbwa sawasawa na mbwa mzima. Ugonjwa huo humfikia binadamu karibu mara zote kupitia mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kwa kawaida hukaa mwilini miezi miwili mitatu kabla ya kujitokeza, wakati mwingine mapema zaidi na wakati mwingine hata mwaka. Kwa hiyo siku zilizopita hazikufungii mlango wa chanjo, ila zisiongezeke nyingine. Jeraha la namna hiyo huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, si kunawa kwa haraka. Hospitali wataamua kuhusu sindano, na kama unahitaji pia dawa ya kinga inayochomwa penye jeraha lenyewe.

Jambo jingine: huyo mtoto wa mbwa yumo kwenye daftari lako. Jina la aliyemleta lipo, na anakoishi. Mtume mtu akamwangalie. Mbwa aliyeuma akibaki mzima na mchangamfu kwa siku 10 baada ya kuuma, maana yake hakuwa na virusi kwenye mate siku ile, na daktari wa hospitali anaweza kukupunguzia safari za sindano. Akiwa amekufa au hajulikani alipo, hiyo nayo ni habari wanayoihitaji. Lakini usingoje jibu hilo ndipo uende.

Na binti umpeleke hukohuko. Mabaka ya duara yenye kukata nywele yanafanana na mapunye, na vitoto vya paka ni maarufu kwa kuyasambaza, ingawa huenda ameyatoa kwa wenzake. Yanatibika. Hao paka nao waangaliwe, la sivyo mtamtibu leo na kesho ayapate tena.

Haya. Sasa tukae tuzungumze.

Nikiisoma barua yako naona umeniuliza kama ushone au usishone, lakini chini ya swali hilo kuna jingine: ni kipi kinachohesabika kuwa msaada? Umezipanga kazi zako kama ngazi. Daftari liko chini, kushika mnyama juu yake, chanjo juu zaidi, na kushona kidonda ndiko kileleni. Ukishuka umeanguka, ukipanda umefaulu. Ngazi hiyo nani aliijenga? Sidhani ni daktari. Nadhani imejengwa na pongezi za wenzako na lile jina unalolikataa mtaani.

Chukua kazi uliyosema uliipenda, ya kukaa na wanaozinduka. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia mbwa na paka waliopewa nusu kaputi, ulikuta kwamba karibu nusu ya vifo vya mbwa na zaidi ya nusu ya vile vya paka vilitokea baada ya upasuaji kwisha, na vingi vya hivyo ndani ya muda wa saa tatu za mwanzo. Yaani mkasi ukishawekwa chini, hatari bado iko pale pale kwenye blanketi. Mnyama aliyelala dawa anapoteza joto upesi, hasa mdogo. Ulimi ukirudi nyuma unaziba njia ya hewa. Ufizi ukipauka huenda anavuja damu ndani. Daktari aliyeinamia mnyama mwingine hawezi kuyaona hayo. Unayaona wewe. Ukienda kushona mezani, nani atabaki blanketini? Swali hilo ningependa ulipeleke kwa daktari kabla hujajibu lake.

Na daftari je? Kanuni inayotumika duniani katika kupambana na kichaa cha mbwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Chini ya hapo ugonjwa hupata njia ya kuendelea kuzunguka. Utajuaje kama mmefika 70 bila mtu wa kuandika nani kachanjwa, nani hakuletwa, mtaa upi haukuja kabisa? Usemi wako kwamba kazi hiyo anaiweza yeyote anayejua kuandika una ukweli wake. Lakini kuandika vizuri, kumuuliza mtu aliyechoka kwenye foleni mpaka akukumbukie ana mbwa wangapi nyumbani, hilo si la kila mtu. Nimeona madaftari ya kujitolea yaliyojaa "mbwa mweusi" kurasa nzima.

Kuhusu kushona, nitakuwa mkweli: sioni ajabu mkono wako kutetemeka. Kitambaa hakivuji damu na hakivimbi. Ngozi hai huvimba baada ya kushonwa, na uzi uliobanwa kama pindo la sketi hukata damu ya kingo, kingo zikafa, mshono ukafumuka. Fundi anayajua mengi kuhusu mvutano wa uzi, ndiyo maana daktari kakuona, lakini hilo la uvimbe na vijidudu hulijui bado. Linafundishika, sikatai. Ila katika nchi nyingi sheria imeuweka upasuaji, pamoja na kutambua ugonjwa na kuandika dawa, mikononi mwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Wasaidizi wanaruhusiwa mambo kadhaa chini ya macho yake, na mpaka wa mambo hayo hutofautiana nchi na nchi. Kama hapo mlipo kufunga ngozi si kazi ya mtu asiyesomea, siku mshono utakapooza atakayeulizwa kwanza ni yeye, na leseni yake ndiyo itakayokuwa mezani. Wewe nawe kusema ulikuwa unajitolea huenda kusikukinge. Unaweza kumuuliza bila ugomvi wowote: "Daktari, hili linaruhusiwa nilifanye? Likiharibika, linakuwaje?" Mtu mwema, kama ulivyomweleza, hatakasirika. Huenda hata akashusha pumzi kwamba kuna aliyesema.

Maana nashuku kuwa hakuwa anakutunuku cheo siku ile. Alikuwa anaomba nafuu. Amefanya upasuaji tangu alfajiri na foleni haina mwisho. Pengine dawa ya mgongo wake si mshonaji wa pili, ni orodha fupi zaidi: wanyama kadhaa wa kuhasiwa kwa siku, wanaobaki wapewe zamu ijayo. Hilo lina gharama yake. Watu watarudishwa, wengine hawatarudi tena, na jike la mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi tu, kwa hiyo aliyekosa nafasi leo anaweza kurudi na watoto. Lakini daktari akianguka kwa uchovu, kliniki nzima imeanguka. Nani mwenye kuyapanga haya? Kama ni yeye peke yake, basi ninyi wa kujitolea mna mahali pa kumsaidia pasipohitaji sindano.

Mkoba sasa. Huu ndio unaonipa wasiwasi kuliko mshono, kwa sababu mshono utafanyika mbele ya macho yake na mkoba uko chini ya kitanda chako. Kipimo cha dawa kinategemea uzito, aina ya mnyama na ugonjwa wenyewe, na kwa simu daktari hampimi wala hamgusi mgonjwa. Antibayotiki ikitolewa kwa kubahatisha huwafundisha vijidudu kuishi nayo, na vijidudu hivyo havijali kama vilikutwa kwa mbuzi au kwa mtoto. Mbuzi wa maziwa akichomwa, kuna siku ambazo maziwa yake hayafai kunywewa, na nyama yake nayo hivyo hivyo. Je, utakumbuka kumwambia mwenye mbuzi usiku wa manane, naye atakubali kuyamwaga? Halafu kuna mitego ambayo hata mtu mwenye huruma huingia: paracetamol inayomshusha binadamu homa humuua paka, na dawa nyingine za viroboto za mbwa, zenye permethrin, ni sumu kwa paka huyohuyo. Na nyumba yako ina mtoto wa miaka 8.

Unaweza kuurudisha mkoba wote. Unaweza kubaki na bendeji, glavu na cha kusafishia vidonda, vyenye chupa na sindano vikarudi kwa mwenyewe. Unaweza pia kuuacha ulivyo, ukiwa na maandishi yake: nini kitumike, lini, na kwa idhini ya nani. Ukiurudisha, kuna usiku utakaolia mtu mlangoni nawe huna kitu, na najua utaumia. Ukibaki nao, utakuja usiku mwingine, wa mtu kukuomba uufungue, nawe ushindwe kukataa mara ya pili.

Nimefika kwa mzee. Hapa nimekaa kidogo, kwa sababu naona ndiko unakotoka uzito wote wa barua.

Umejiuliza kama ungejifunza mapema, mbwa yule asingekufa. Mwanangu, tangu magharibi hadi usiku wa manane ni saa nyingi mno kwa mbwa aliyekwama. Mbwa akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au ute wa kijani ukatangulia kabla ya mtoto wa kwanza, huyo anahitaji daktari hapo hapo, na mara nyingi anahitaji kupasuliwa. Sindano aliyoiomba mzee, kama ilikuwa ile ya kuongeza uchungu, kwa mtoto aliyekwama inaweza kupasua kizazi. Hata fundi wa kushona ngozi aliyefuzu asingekuwa na la kufanya pale uani. Ulipomwambia hujui uchome nini, ulisema kweli kwa mtu aliyetaka uongo wa kumfariji, na ukakaa naye hadi mwisho. Wengi wangechoma chochote ili waonekane wamefanya kitu.

Lakini mzee hayajui haya. Anachojua ni kwamba mtaani kuna daktari mwenye mkoba, na daktari huyo alikataa. Anapoitikia salamu akiangalia kwingine, je, una hakika ni lawama? Huenda ni aibu ya kulia mbele yako, au anajilaumu kwa kuchelewa. Mimi sijui, na wewe pia hujui. Unaweza kwenda kumpa pole upya na kumweleza kwa utulivu kwamba alihitaji kupasuliwa. Kuna hatari aisikie kama unamwambia alichelewa, kwa hiyo chagua maneno, tena si barabarani. Unaweza pia kumwacha na majonzi yake. Kuna watu ambao huzuni yao haitaki mgeni kwanza.

Ninachokiona wazi zaidi ni kwamba mtaa hauna namba ya kupiga usiku. Simu ya daktari mmoja ikizimika, huduma imezimika, na aliye karibu anabeba lawama. Hilo halikutokana na udhaifu wako wala halitatibiwa na ujuzi wako. Huenda kuna daktari mwingine wa jirani, au ofisi ya mifugo, au chuo, ambaye namba yake ingeandikwa kwenye kila kadi ya chanjo mnayotoa. Huenda hakuna. Hata kadi yenye dalili tatu nne za kutosubiri asubuhi ingemfanya mtu atoke nyumbani mapema, wakati daktari bado hajazima simu. Kadi hiyo, nani wa kuiandika? Nadhani unamfahamu.

Mumeo nimemwacha mwisho, kama ulivyofanya wewe. Umesema hapendi wanyama tangu zamani, kwa hiyo humshangai. Sentensi hiyo inakurahisishia. Ukishaamua mtu analalamika kwa sababu hapendi wanyama, huna haja ya kusikia analalamikia nini. Nami nikilisoma neno lake kwa macho mengine, namwona mtu ambaye mlango wake unagongwa usiku wa manane, mtoto wake ana mabaka kichwani na mkewe ameumwa na mbwa akasema si neno. Hata mpenda wanyama angenuna. Umeshawahi kumuuliza ni lipi kati ya hayo linalomsumbua zaidi? Kama ni mlango, kuna saa za kufungua na kufunga. Kama ni binti, kuna sabuni, glavu, nguo za kliniki zisizoingia chumbani, na kumkataza kushika asiyechanjwa, maana watoto chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa. Na kama ni kwamba amekukosa wewe, hakuna glavu ya hilo. Ni mazungumzo marefu, na huenda jibu lake likakugharimu baadhi ya Jumamosi unazozipenda.

Kuacha kabisa nako ni njia, nami sitaki uione kama usaliti. Wapo watu waliojitolea na wanyama wakafika mahali hawalali, kila mbwa wa barabarani wanamwona ni deni lao. Kupumzika miezi kadhaa si kuhama dini. Ila umesema unavyokaa kwenye lile blanketi mpaka njaa isikukumbuke, na mtu aliyechoka moyo haandiki hivyo. Sikisii zaidi ya hapo. Jiangalie tu siku ya kliniki inapokaribia: je, unaamka mapema, au unatamani mvua inyeshe iahirishwe?

Umri wako usikutishe kuhusu mafunzo. Dunia ilitangaza mwaka 2011 kwamba sotoka, ile tauni ya ng'ombe, imetokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia kumalizwa kabisa baada ya ndui ya binadamu, na katika maeneo magumu kufikika kazi kubwa ilifanywa na wafugaji wa kawaida waliofundishwa kuchanja, wakibeba chanjo iliyostahimili joto. Hawakuwa na shahada. Walikuwa na mafunzo, mpaka wa kazi unaojulikana, na daktari wa kuripoti kwake. Katika nchi kadhaa wahudumu wa afya ya wanyama wa jamii wanatambuliwa hadi leo, na kwingine hawatambuliwi, cheti chao kikabaki karatasi. Kuna pia kozi za usaidizi wa daktari wa mifugo, ndefu zaidi na zenye gharama zaidi, zinazofundisha hasa ile kazi ya nusu kaputi na kuzindua. Mafunzo yana hatari yake ambayo hukuitaja: ukirudi na cheti, mlango utagongwa mara mbili ya sasa, na lile "mimi si daktari" halitakuwa na nguvu tena.

Ukiamua kuulizia, uliza kwanza cheti hicho kinamruhusu mwenye nacho kufanya nini kisheria hapo mnapoishi, na nani atakayemsimamia. Uliza pia kama wanaoanza huchanjwa kichaa cha mbwa kabla ya kushika mnyama wa kwanza. Chanjo hiyo ya kinga ni ya safari mbili tu, siku ya kwanza na wiki moja baadaye, na swali hilo ningelipeleka hata kwenye kliniki yenu ya turubai, kwa niaba ya wote mnaoshika mbwa pale bila kuchanjwa.

Shangazi yako